Siku gani wananyonga?

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Tabora, si mbali na Mahakama Kuu. Kazi zangu nyingi ni viapo, barua za mirathi na nakala za hukumu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa upande wa Sikonge alileta hukumu ya mwanawe nimtolee kopi mbili. Ilikuwa ya Kiingereza, maana sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja 2021. Akaniomba nimsomee mwisho tu. Nikamsomea: mwanawe atanyongwa mpaka afe. Hilo alishalijua, karani aliwatafsiria palepale mahakamani. Alichotaka ni kingine.

"Mwanangu, hapo wameandika ni siku gani?"

"Hawajaandika, mama. Siku hizi hawanyongi."

Akazipokea karatasi, akazipanga kwenye mfuko wa Rambo. "Sasa wamemhukumu nini?"

Tangu siku hiyo, kila nikisikia watu wanabishana kuhusu adhabu ya kifo, namkumbuka yeye. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Lakini kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kipo palepale: ukipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja. Mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 wanaepushwa. Kwa wengine wote jaji hana pa kutokea. Aliyekodiwa kuua kwa pesa na aliyemkata jirani panga kwa ajili ya mpaka wa shamba, jaji akisharidhika kwamba walikusudia, wanapata sentensi ileile, neno kwa neno.

Mwaka huohuo wa 1994, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma alisema adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, kisha ikasema Katiba yenyewe inaruhusu haki zibanwe kwa maslahi ya jamii, basi ibaki. Nimeichapa hoja hiyo kwenye karatasi za wanasheria vijana mara nyingi na bado hainiingii. Mwaka 2017, Rais Magufuli, akimwapisha Jaji Mkuu, alisema wasimpelekee orodha ya wa kunyongwa, na Desemba akawasamehe 61. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo Arusha hapohapo petu, ikasema kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo ni kuvunja haki ya kuishi. Mwezi huohuo serikali ilikuwa imeshatoa taarifa ya kuwafungia wananchi mlango wa kwenda kwenye mahakama hiyo moja kwa moja.

Yaani kila mtu ananawa mikono. Jaji sheria imemfunga, Rais kalamu ni nzito, Bunge liko kimya. Na yule kijana anaamka kila asubuhi hajui kama ndiyo leo. Mimi naiona hiyo ni adhabu ya pili ambayo hakuna kifungu kilichoiandika.

Msidhani nimesahau upande wa pili. Binti wa mzee aliyeuawa na kijana huyohuyo alikuja kibandani kwangu pia, kuchapa barua ya mirathi, kwenye mashine ileile. Nilipojaribu kumweleza mawazo yangu alinikata: "Kaka, baba yangu hakupewa rufaa." Sikuwa na jibu, na leo sina. Ninachoweza kusema ni kwamba na yeye amedanganywa. Ameambiwa muuaji atanyongwa, naye anasubiri. Kifungo cha miaka inayohesabika, au cha maisha, kingempa neno la kweli la kushika.

Halafu kuna kifo kingine, cha anayekiomba mwenyewe. Hapo wengi wa marafiki zangu wanaopinga kitanzi hugeuka na kusema basi tuwape wagonjwa haki ya kufa, kama huko ng'ambo. Mfano wao wa kawaida ni Oregon, Marekani. Wananchi wa huko walipiga kura ya ndiyo 1994 (mwaka huo nao!) na sheria ikaanza kutumika 1997. Hawasemi kwamba mwaka huohuo wa 1997 jimbo hilohilo lilimchoma mfungwa sindano ya sumu, wa mwisho hadi leo, na kwamba mfungwa huyo alikuwa amekataa mwenyewe kuendelea na rufaa. Alitaka kufa, wakamsaidia, wakaiita adhabu. Mwaka 2022 gavana Kate Brown aliwafutia hukumu ya kifo wote 17 waliobaki.

Kwetu, kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na anayemsaidia mwenzake anaweza kufungwa maisha. Kumpandisha kizimbani mtu aliyechoka kuishi ni upuuzi. Anahitaji daktari na watu wa kukaa naye. Lakini kwenye haki ya kufa mguu wangu unasita, na sababu yake ni mama mdogo.

Alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Hospitali ilitwambia turudi naye nyumbani, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, tukiwa na panadol na vidonge vingine vilivyokwisha baada ya siku nne. Usiku alikuwa anauma khanga ili watoto wasisikie. Asubuhi moja aliniambia, "Mwanangu, sasa basi. Mwambieni Mungu anichukue." Nami, nikiri hapa, nilikuwa nimekaa mlangoni napiga hesabu ya tuliyokwisha tumia. Ule ndio mkono ambao ungeshika fomu ya ridhaa. Oregon wanataka madaktari wawili wathibitishe. Sisi hatukuwa tumeona hata mmoja kwa wiki tatu. Katika nyumba kama ile, haki ya kufa ingekuwa ruhusa ya ndugu kupumzika.

Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ilipatikana baadaye, kutoka Mwanza, chupa ndogo ya dawa ya maji ndani ya soksi, mikononi mwa mpwa aliyekuja na basi. Uganda tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika wenyewe, na bei yake ikichanganywa na maji si ya kutisha. Mama mdogo alikunywa jioni, akalala hadi jua limepanda. Alipoamka aliomba matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Hakuweza kutafuna, kwa hiyo tulimpa mchuzi wake na karanga zilizopondwa, akalamba kijiko, akatugombeza kwamba chumvi haijakolea. Aliishi siku kumi na moja tena, na neno la kuchukuliwa hakulisema.

Juzi mama wa Sikonge alirudi. Hukumu imechanika kwenye mikunjo, alitaka kopi nyingine. Nikamtolea, nikaiweka na nailoni ngumu isiingie maji. Hakuuliza siku. Aliuliza ile nailoni inadumu miaka mingapi.