Kuhama chapa si kukimbia umeme

Mtu akiuza gari lake la umeme hapa Dodoma na kununua la kampuni nyingine, maneno huanza hata kadi haijabadilishwa jina. Kazini Mtumba ataulizwa, "Si ulituambia umeme ndio mpango mzima?" Wa petroli wanaona amekiri kushindwa, wenzake wa umeme wanaona amefuata fasheni. Pande zote mbili zinamwonea, hasa aliyetoka kwenye Nissan Leaf ya zamani akaingia BYD ya Kichina.

Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na zile za mwanzo zilikuja na betri ya uniti 24, uniti hizi hizi za LUKU. Betri hiyo haina maji wala feni ya kuipooza. Joto hutoka lenyewe, polepole. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba jua linakula betri zao, na baadaye Nissan ikatoa betri inayostahimili joto zaidi. Dodoma si Phoenix, hilo lazima lisemwe. Juni na Julai usiku tunajifunika blanketi, na betri nayo inapumua. Ila Oktoba na Novemba gari linashinda juani kutwa nzima, kwenye maegesho yasiyo na mti hata mmoja.

Kinachowapoteza wengi ni vile vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Mtu anaona vyote 12 vinawaka, anaamini betri ni nzima. Kumbe kijiti cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Vinavyofuata huzimika kila inapopotea asilimia 6.25. Kwa hiyo gari lililotangazwa mtandaoni na vijiti vyote 12 linaweza kuwa limeshapoteza sehemu ya saba, na tangazo lisiwe na uongo hata kidogo. Vikibaki 8, theluthi nzima imekwenda: zile uniti 24 zimekuwa kama 16. Kwa kilomita sita hivi kwa uniti, safari yako inaishia kwenye 90 na ushee, na hapo kiyoyozi umekizima, madirisha umeyashusha, saa nane mchana, vumbi la Ihumwa linaingia ndani. Mwenye gari wa hivyo akiamua kuhama, umeme haujamshinda. Betri moja ya aina moja imezeeka.

Na anakohamia kuna kemia nyingine kabisa. BYD Dolphin, iliyotoka 2021, ipo yenye betri ya uniti 44.9 ya chuma na fosfeti, inayopoozwa kwa gesi ya mfumo wa kiyoyozi. Betri za aina hii ni nzito, lakini zinavumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi zaidi, na hazilalamiki ukizijaza hadi asilimia 100. Kuna na suala la plagi. Leaf hizi za zamani zinachaji haraka kwa CHAdeMO, mfumo wa Kijapani, lakini hata Nissan yenyewe ilipozindua gari lake jingine la umeme, Ariya, mwaka 2020 ilichagua mfumo mwingine, CCS, kwa Ulaya na Marekani. Kung'ang'ania plagi ambayo mwenyewe ameanza kuiacha ni mzigo.

Wanaosema "baki na ulichonacho" wana hoja moja nzito, ya fundi. Betri ya Leaf ya uniti 24 imegawanyika katika moduli 48, yaani vifurushi vidogo vya seli. Moja ikifa, fundi anayejua kazi anaifungua na kuweka nyingine. Ile ya BYD haina moduli. Seli zake ndefu zimepangwa moja kwa moja ndani ya kasha, na kuitengeneza kwa vipande ni kazi ngumu mno. Halafu anayeagiza gari lililotengenezwa kwa soko la China atakuta plagi ya GB/T, mfumo wa China, na skrini ya Kichina. Hayo yaulizwe kabla pesa haijatumwa.

Bili haitofautishi chapa. Kilomita 40 kwa siku ni kama uniti sita au saba, na nyumba iliyokuwa ikinunua uniti za shilingi 100, bei ya wanaotumia umeme kidogo, itavuka kikomo chake cha uniti 75 kwa mwezi kwa gari lolote lile.

Kwa hiyo anayeishi Kisasa na kufanya kazi Mtumba, vijiti vyake bado 10, sioni cha kumhamisha mwaka huu. Anachaji usiku, asubuhi anaondoka, na chaji inambakia. Mwingine ana mama yake Kondoa, kilomita kama 160, na kila mwisho wa mwezi anakwenda kumwona kwa basi, gari lake la umeme likiwa limeegeshwa nyumbani. Huyo akihama, anataka tu kufika kwa mama yake kwa gari lake mwenyewe.