Ufa wa Kimwarer na mamlaka ya kusitisha miradi

Septemba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alipoufuta mradi wa bwawa la Kimwarer kule Elgeyo-Marakwet, taarifa yake ilitaja jambo ambalo hadi leo halijanitoka kichwani. Upembuzi yakinifu wa kutegemewa haukuwa umefanywa. Uliokuwepo ulikuwa wa miaka 28 nyuma, wa mradi unaofanana na huo, nao ulikuwa umeonyesha ufa wa miamba unaokatiza eneo la ujenzi, ufa ambao ungelidhuru bwawa lenyewe.

Miaka 28! Aliyezaliwa mwaka wa utafiti huo alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Muda wote huo habari ya ufa ilikuwa imeandikwa, inangoja wa kuisoma. Mkataba ukatiwa saini na malipo ya awali ya mabilioni yakatoka. Kama kuna aliyesema "ngojeni kwanza", sauti yake haikufika kwenye meza ya kutia saini.

Ninaanzia huko kwa sababu hapa Nakuru, ukitaja tu kwamba serikali iwe na uwezo wa kusitisha idhini ya mradi mkubwa, utaambiwa wawekezaji watakimbia na vijana watakosa kazi. Hoja hiyo ina uzito. Mama wa Kaptembwa anayenunua maji kwa mkokoteni, jerikani baada ya jerikani, ana haki ya kuuliza bwawa la Itare liko wapi. Kazi ilianza Kuresoi mwaka 2017. Mwaka 2018 mkandarasi wa Kiitaliano akaishiwa pesa, kisha wapelelezi wakaingia, na maji hayajafika mjini.

Lakini Itare haikusitishwa, ilikwama. Mradi uliokwama unajulikana kwa macho: mabati yamelegea, nondo zimeota kutu, shimo la msingi limejaa maji ya mvua, na mlinzi pale langoni hajui atalipwa lini. Hakuna barua inayosema kazi itarudi siku gani wala nani wa kuulizwa. Sheria ya kusitisha hudai hayo yote. Kifungu cha 67 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinairuhusu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kusimamisha leseni ya mwenye kukiuka masharti, kwa muda usiozidi miezi 24. Mtaa wa Mukuru, Nairobi, ulipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, ujenzi ulizuiwa kwa miaka miwili ili ramani ipangwe na wakazi wenyewe. Nacho Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa anayeumizwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mwekezaji anayelilia uhakika anao hapo, kuliko alioupata yeyote Itare.

Tena kuna wale ambao mradi ukishajengwa hawana pa kwenda. Majirani wa viwanda vya Kibos, nje ya mji wa Kisumu, walilalamikia uchafuzi wa hewa na maji. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikazifuta leseni za viwanda hivyo, halafu Mahakama ya Rufaa ikasema walibisha mlango usiokuwa wa kwanza, yaani walipaswa kuanzia kwenye vyombo vya malalamiko ya mazingira kabla ya kwenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu mwaka 2020. Miaka hiyo yote watu walikuwa wakibishania kitu kilichokwisha jengwa. Kusubiri kungekuwa rahisi zaidi kabla ya tofali la kwanza, hata kwa mwenye kiwanda. Fundi wa kulipwa kwa siku pia huumia kidogo mradi ukicheleweshwa ungali kwenye karatasi, kuliko akiteremshwa jukwaani katikati ya wiki.

Ninachokiogopa mimi ni rushwa. Afisa anayeweza kuzuia mradi wa mabilioni kwa sahihi moja ana kitu cha kuuza, na wa kununua hawakosekani. Atakalia faili mpaka apewe kitu kidogo. Kwa hiyo amri ya kusitisha ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi, na sababu yake na tarehe ya mwisho. Siku hiyo ikipita bila jibu, amri ife yenyewe. Bila masharti hayo nisingeiunga mkono hata kidogo.

Machi 2023, Rais wa Italia, Sergio Mattarella, alipozuru Kenya, Rais William Ruto alitangaza kwamba mabwawa ya Itare, Arror na Kimwarer yatafufuliwa. Sina ugomvi na hilo, maji tunayahitaji. Ila kabla tingatinga halijarudi Kimwarer, serikali isitishe idhini kwa muda unaojulikana, utafiti mpya ufanywe, na watu wa bondeni waonyeshwe kwenye ramani ule ufa unapita wapi.