Mchezo Umeuza, Wafanyakazi Wameachishwa

Vijana wa Mwanga na Ujiji, kwetu Kigoma, wananiuliza sana namna ya kuingia kwenye studio za michezo ya video huku Uingereza. Wengi wanaamini ukishapata kazi Ulaya, umetoka. Mshahara ni mzuri kweli, siwafichi. Kinachoniudhi ni kwamba huku watu wanaachishwa hata pale kazi yao ilipofanikiwa.

Tazameni mchezo wa Marvel's Spider-Man 2. Ulitoka Oktoba 2023, na kufikia Februari 2024 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 10. Mwezi huohuo Sony ikatangaza kupunguza watu wapatao 900 upande wa PlayStation, kitengo chake cha michezo, na Insomniac, studio iliyoutengeneza, nayo ikakumbwa. Januari yake Microsoft ilikuwa imetangaza kuwaondoa 1,900 katika kitengo cha michezo, miezi michache tu baada ya kuinunua kampuni ya michezo ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69.

Wakubwa wana maelezo: wakati wa korona waliajiri kupita kiasi, gharama zimepanda, na mchezo ukishatoka wachoraji wengi hukaa bila kazi mpaka mradi unaofuata uive. Sawa. Lakini aliyepanga idadi ya waajiriwa si mchoraji.

Nimekulia Kibirizi, hukohuko Kigoma. Mtumbwi ukirudi na dagaa, gharama za mafuta zinatolewa, kisha tajiri, yaani mwenye chombo, na wavuvi wanagawana. Mgao una manung'uniko yake, na matajiri wanyonyaji wapo. Ila sijawahi kusikia mvuvi akishushwa chomboni kwa sababu wavu umejaa. Hata Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, 15 Mei hadi 15 Agosti, familia zilibanwa vibaya, lakini kila mtu alijua siku ya kurudi majini.

Huku anayeumia zaidi ni mgeni. Viza ya kazi inategemea mwajiri; akikuondoa, kwa kawaida unapewa siku 60 kumpata mwingine wa kukudhamini, la sivyo uondoke nchini, na watoto wako shuleni.

Anayetaka kuja, aje. Ila kabla ya kusaini aulize: mkataba unaendelea mchezo ukishatoka? Mauzo yakiwa mazuri, wafanyakazi wanapata fungu? Na akianza kazi, ajiunge na chama cha wafanyakazi wiki ileile, hata kama bado yuko kwenye majaribio.