Hasara Gani Hiyo ya Mwenye Nyumba?

Mdogo wangu aliitwa kazi Kisumu, aripoti wiki ifuatayo. Kazi, jamani, baada ya kutembeza vyeti mpaka soli zikaisha! Angewaambia wangoje notisi ya mwezi ya kuhama nyumba iishe? Akampigia ajenti wa nyumba simu siku hiyo hiyo, akapiga deki, akarudisha funguo. Dipoziti yake ya Sh14,000 hajaiona hadi leo.

Badala yake alitumiwa hesabu kwa WhatsApp: notisi, 14,000, rangi, 5,000, "usafi", 1,500. Yaani yeye ndiye anayedaiwa! Na rangi yenyewe ni ile ya maji, ukiegemea ukuta na fulana nyeusi unaondoka na nusu yake mgongoni.

Haya, notisi haikutosha. Hilo nakubali shingo upande, kwa sababu mkataba aliutia sahihi mwenyewe. Lakini ile pesa ya notisi inafidia nini, kama si nyumba kukaa tupu? Na bedsita huku Zimmerman, Nairobi, inakaa tupu lini? Kabla wiki haijaisha, jirani alituambia kuna pikapu getini inashusha godoro na mtungi wa gesi. Mgeni kalipa kodi, kalipa na dipoziti yake. Hiyo rangi ya 5,000 hakuna aliyeiona ikipakwa. Mwezi mmoja, chumba kimoja, kodi mara mbili, na bado tunaambiwa mwenye nyumba amepata hasara. Hasara tamu hiyo, hata mimi naitaka.

Wapo wapangaji wanaohama usiku na balbu, wakaacha bili ya maji. Sawa, wapo. Huyu hakuwa mmoja wao.

Usiniambie habari ya sheria ya kudhibiti kodi. Ile ni ya nyumba zisizozidi Sh2,500 kwa mwezi. Afadhali Mahakama ya Madai Madogo: inapokea madai hadi Sh1,000,000, kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Mkataba, jumbe za M-Pesa, picha za nyumba siku ya kuhama, basi. Ajenti anategemea kwamba utaona uvivu, na mara nyingi hakosei.

Ndiyo maana watu wa ploti hunyamaza tu, mwezi wa mwisho hawalipi kodi, wanakula dipoziti yao humo humo ndani. Kisha ajenti anabandika tangazo getini kwamba wapangaji wa siku hizi si waaminifu. Aanze kwa kutuonyesha risiti ya rangi.