Kabla ndugu hajatoa figo, apimwe jeni ya APOL1?

Mtu akiambiwa figo zimefeli, kikao cha familia hakichelewi. Baada ya miezi kadhaa ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, macho yote humgeukia mdogo wake mwenye afya. Huyo atapimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, presha, sukari na mkojo. Swali linalogombaniwa na madaktari wa figo ni kama aongezewe kipimo kimoja cha vinasaba, cha jeni iitwayo APOL1. Naunga mkono apimwe, ila wanaosita wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Jeni hii ni ya kinga. Protini yake huelea kwenye damu na kuvitoboa vimelea vinavyoletwa na mbung'o, vikavimba hadi kupasuka. Vimelea vya malale ya kwetu Afrika Mashariki, aina ya rhodesiense, vilipata njia ya kuizima protini hiyo. Baadhi ya Waafrika nao wakaja na maumbo mapya ya jeni, G1 na G2, ambayo vimelea hivyo hushindwa kuyadhibiti vizuri. Utafiti uliofanyika Uganda umeonyesha kuwa wenye G2 hawaambukizwi malale hayo kwa urahisi kama wengine. Walionusurika wakazaa, na jeni ikaenea.

Gharama yake iligundulika mwaka 2010: mtu aliyerithi nakala mbili za maumbo hayo, moja kwa baba na moja kwa mama, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya figo kuharibika. Mara nyingi huhitaji kichocheo, na kichocheo chenyewe hutoka kwenye kinga ya mwili. VVU, lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe), hata virusi vya korona, huufanya mwili umwage interferoni, kemikali ya kupambana na virusi, nayo hupandisha APOL1 ndani ya seli za chujio la figo mpaka zinaanza kufa. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2011 kuwa mtu mwenye nakala mbili na VVU visivyotibiwa ana uwezekano wa karibu asilimia 50 wa kupata ugonjwa wa figo utokanao na virusi hivyo. Bila VVU, uwezekano wa kupata makovu ya chujio yasiyo na sababu nyingine ulikadiriwa kuwa asilimia 4 hivi.

Hapo ndipo wapinzani wa kipimo wanaposimama. Wengi wenye nakala mbili watazeeka na figo zao. Ukimpima kijana wa miaka 22 asiye na dalili yoyote, umempa nini zaidi ya wasiwasi, na pengine kisingizio kwa kampuni ya bima? Hela ya kipimo hicho ingenunua vijiti vingi vya mkojo, vile ambavyo kipande chake cha njano kinageuka kijani protini ikiwepo. Zahanati nyingi hata vijiti hivyo haziwi navyo kila wiki. Kisha kuna hatari ya kuibebesha ngozi mzigo wa umaskini: ikishasemwa "ni jeni ya Waafrika", presha isiyotibiwa na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela husahaulika. Na tena Mwafrika yupi? Maumbo haya yamejaa Afrika Magharibi, kwa Wayoruba na Waigbo, lakini Ethiopia ni nadra mno.

Sayansi yenyewe haijatulia. Kwa zaidi ya miaka kumi tuliambiwa nakala moja haina neno. Utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria, uliochapishwa mwishoni mwa 2024, ukakuta hata nakala moja inapandisha uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 18 hivi. Daktari atamwambia nini mwenye nakala moja? Kwa sasa, kidogo sana.

Kwa upimaji wa watu wote, basi, wapinzani wameshinda. Mchangiaji wa figo ni habari nyingine, kwa sababu madhara ya APOL1 yanatoka ndani ya figo yenyewe. Figo yenye nakala mbili ikipandikizwa kwa mtu mwingine, huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa mapema, jeni za aliyeipokea ziwe zozote. Aliyebaki na figo moja naye hayuko salama. Utafiti wa Marekani wa 2018 uliwafuatilia wachangiaji Weusi 136. Kati ya 19 waliokuwa na nakala mbili, 2 walifikia kufeli figo. Kati ya 117 waliobaki, hakuna. Ni idadi ndogo, na sitaigeuza kuwa sheria. Lakini mgonjwa akiwa na nakala mbili, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana walau nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa hivyohivyo, na ndugu hao ndio tunaowaita kwenye kikao.

Tanzania inapandikiza yenyewe tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipoanza, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Wachangiaji ni wachache kiasi kwamba kuwapima wote si mzigo wa kuishinda wizara. Dawa nayo iko njiani: inaxaplin, katika jaribio dogo lililochapishwa 2023, ilipunguza protini ya mkojo kwa karibu nusu ndani ya wiki 13.

Umri ungeamua mengi. Dada wa miaka 55 mwenye nakala mbili na mkojo safi ameshapita sehemu kubwa ya hatari. Wa miaka 24 ningemkatalia. Na majibu apewe yeye peke yake, kabla ya mjomba wala mgonjwa. Akiamua kujitoa, hospitali iiambie familia tu kwamba hakufaa kitabibu, bila kutaja kipimo kipi.