Kurasa tuli na njia za programu: mpaka uwekwe wapi?

Chukua programu ya wavuti ya kawaida. Ina ukurasa wa kuingia, ina dashibodi, ina orodha ya maagizo inayochotwa kwenye hifadhidata kila inapofunguliwa. Pembeni zipo kurasa nne tano zisizobadilika: Kuhusu Sisi, Masharti, Maswali ya Kila Mara. Halafu kuna picha na faili za CSS na JavaScript. Ubishi unaozuka karibu kila mradi unapoanza ni huu: vitu hivi tuli vipite ndani ya programu kama vingine vyote, au vitolewe na seva iliyo mbele, programu isijue hata kwamba vimeombwa?

Wanaotaka seva ya mbele wana hoja nzito. Nginx, seva ya wavuti iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, iliandikwa ili ibebe maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja. Ikiombwa faili iliyo kwenye diski, inaweza kuiachia kerneli (kiini cha mfumo endeshi) kazi ya kupeleka baiti kwenye muunganisho kwa wito wa sendfile, bila kwanza kuzinakili kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Linganisha na programu ya Python au Ruby yenye michakato minne ya kupokea maombi. Mmoja ukishikwa na kazi ya kutoa picha, maombi ya malipo yamebakiwa na mitatu. Django, mfumo wa kujengea programu za Python, hauzunguki katika hili: ukizima DEBUG (hali ya majaribio), seva yake ya majaribio huacha kutoa faili tuli, na nyaraka zake zinasema wazi kwamba njia ile si ya kutumia mbele ya wateja. Ndiyo maana wanaoanza hupandisha mradi wao wa kwanza wakakuta kurasa zimebaki maandishi matupu, CSS haipo.

Lipo jambo jingine ambalo mimi nalipa uzito kuliko kasi. Programu ikianguka, kurasa tuli zilizo nje yake hubaki zimesimama. Ukurasa wa kuwaambia watu kwamba matengenezo yanaendelea hauna maana ukitegemea programu ileile inayotengenezwa.

Upande wa pili nao hausemi ovyo. Kuweka kila kitu ndani ya programu maana yake ni kitu kimoja cha kupandisha, na tabia ileile kwenye kompyuta ya msanidi na kwenye seva ya kweli. Katika Express, mfumo wa JavaScript, ni mstari mmoja wa express.static, katika Django ipo maktaba ya WhiteNoise. Na ukitanguliza CDN (mtandao wa seva unaohifadhi nakala karibu na watumiaji), hoja ya kasi inapungua sana: programu hutoa faili mara chache tu, na nakala zinazofuata hutoka kwenye kache, hifadhi yake ya muda. Kwa mradi mdogo naona hoja hii inashinda. Kuongeza seva ya pili yenye usanidi wake, wakati timu nzima ni watu wawili, ni kuongeza mahali pa kukosea.

Lakini makosa niliyoyaona yakiumiza watumiaji hayakutokana na kuchagua upande huu au ule. Yalitokea mpakani, pale ambapo haikuamuliwa anwani ipi ni ya nani.

Tuliwahi kupandisha toleo jipya la programu jioni, na baada ya muda mfupi baadhi ya watumiaji wakaanza kuona skrini nyeupe. Kwenye konsoli ya kivinjari kulikuwa na mstari mmoja: Unexpected token '<'. Ilituchukua muda kuelewa. Vivinjari vyao vilikuwa vimehifadhi index.html (ukurasa mkuu) ya zamani, nayo iliomba app.3f9a1c.js, faili tuliyoifuta wakati wa kupandisha. Seva haikuiona. Badala ya kujibu 404, yaani haipo, ilifuata kanuni tuliyoiandika wenyewe, kwamba anwani yoyote isiyojulikana ipewe index.html ili njia za upande wa kivinjari zifanye kazi. Kivinjari kikaomba JavaScript, kikapewa HTML yenye alama ya 200, yaani kila kitu sawa, kikakwama kwenye herufi ya kwanza. Kibaya zaidi, CDN iliamini jibu lile na kulihifadhi kwa jina la .js.

Dawa haikuwa kuhama upande. Faili zote zenye alama ya toleo kwenye jina tulizipa kiambishi chao, /assets/, na chini yake kitu kisichopo kinajibiwa 404. Faili za toleo lililopita zinaachwa siku kadhaa kabla ya kufutwa. Hizo ndizo zinazopewa Cache-Control ya max-age=31536000, immutable (zihifadhiwe mwaka mzima bila kuulizwa), kwa kuwa zikibadilika zinabadilika jina. index.html yenyewe inapewa no-cache, ili kivinjari kiulize kila mara kama kuna mpya. Kama haijabadilika, jibu ni 304, halina mzigo.

Mpaka ukiwa na ukungu, usalama nao unaguswa. Mwaka 2017 mtafiti Omer Gil alionyesha shambulio la kuhadaa kache. Mtu aliyeingia kwenye akaunti yake anashawishiwa kufungua /akaunti/picha.css. Programu inapuuza mkia na kutoa ukurasa wa akaunti, kache inaona .css, inaamini ni faili tuli, inaihifadhi. Anayefuata kuomba anwani hiyo anasoma taarifa za mwenzake. Kila mmoja, ukimtazama peke yake, alifuata kanuni zake.

Linabaki swali la kurasa zenyewe, Kuhusu na Masharti. Kipimo changu ni kimoja: je, ukurasa unamjua anayeusoma? Kama juu yake kuna jina la aliyeingia, huo si tuli hata kama maneno mengine hayabadiliki, na ukiuweka kwenye kache ya wote utamwita mtu kwa jina la mwingine. Ama jina liondolewe, ama liletwe baadaye kwa JavaScript, au ukurasa upite kwenye programu. Na kama Masharti yanahaririwa na mwanasheria, si mwanaprogramu, faili ndani ya hazina ya msimbo itamchosha. Hapo nafuu ni maandishi yakae kwenye hifadhidata na ukurasa uzalishwe upya kila anapohifadhi mabadiliko.

Kabla ya kufungua milango, mimi hufanya maombi matatu kwa mkono, bila kujali upande uliochaguliwa. Naomba faili isiyokuwepo chini ya /assets/ na kungoja 404. Naingia kwenye akaunti, kisha naomba /akaunti/chochote.css na kungoja 404 vilevile. Mwisho nauzima mchakato wa programu, nafungua Masharti, na kuangalia nani anajibu.