Filamu za Ndege za Kivita: Mtafiti wa Mwanza Aanzie Wapi?

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumwokoa Idi Amin, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Anayeandika historia ya vita vya angani katika Kanda ya Ziwa angependa kulipata tukio kama hilo katika filamu. Je, juhudi hizo zinastahili gharama yake?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Baada ya miaka zaidi ya 40, kumbukumbu ya shahidi inaweza kuchanganya ndege za Uganda zilizoishambulia Bukoba Oktoba 1978 na ile Tupolev ya Machi, ilhali filamu huonyesha umbo la mbawa na nembo iliyopakwa ubavuni. Isitoshe, kamera zilikuwepo vitani: Kampuni ya Filamu Tanzania ilishiriki kutengeneza filamu ya rangi, Vita vya Kagera, na kila filamu iliyokamilika huwa na vipande vilivyopigwa bila kutumika.

Wanaopinga hujibu kwamba kamera hufuata majeshi, haikai mjini kusubiri bomu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, hivyo hapakuwa na kituo ambacho kingemtuma mpigapicha Saanane. Kinachopatikana kwa wingi ng'ambo ni Vita Kuu ya Pili, kwa sababu majeshi ya wakati huo yalikuwa na wapigapicha wao. Mtafiti wa Mwanza anaweza kabisa kupata, katika jumba la Imperial War Museum jijini London, picha za Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiwa Burma mwaka 1944, ikidondoshewa vyakula na risasi kwa ndege, kabla hajapata hata sekunde moja ya lile bomu la Saanane. Hilo si hasara, maana askari wa Tanganyika walikuwamo, lakini ni utafiti mwingine.

Mimi naegemea upande wa kutafuta, ila kwa kuanzia kwenye karatasi. Wahariri wa filamu za habari walizoea kuunganisha ndege inayopaa sehemu moja na nyingine inayoshambulia kwingine, mtazamaji akadhani ni safari moja. Dawa yake ni karatasi ambayo mpigapicha aliambatanisha na mkanda, yenye tarehe, mahali na kikosi. Ukingo wa mkanda nao husaidia: Kodak iliweka alama za duara, mraba na pembetatu zinazotaja mwaka wa kutengenezwa kwa filamu. Hata hivyo alama hizo zilirudiwa kila baada ya miaka 20, na zilihamia kwenye nakala, kwa hiyo mkanda wenye alama ya 1940 unaweza pia kusomeka kama wa 1960. Asiyejua hilo atatoa tarehe kwa ujasiri, na atakosea.

Suala la pesa halina jibu moja. Filamu zilizopigwa na watumishi wa serikali ya Marekani kwa kawaida hazina hakimiliki nchini humo, ingawa nakala hulipiwa. Za Uingereza mara nyingi hudai ada ya matumizi. Wala kuhifadhiwa ng'ambo si kinga kamili, kwani moto wa Desemba 1978 huko Suitland, Maryland, uliteketeza sehemu kubwa ya filamu za habari za Universal, zilizokuwa za nitrati, aina ya mkanda inayowaka kwa urahisi.

Mikanda ya 1979 haiwaki hivyo, lakini asetati, plastiki iliyotumika badala ya nitrati, ina ugonjwa wake: hutoa harufu ya siki, hujikunja, husinyaa, na joto lenye unyevu kama la mwambao wa ziwa huharakisha uharibifu. Kwa sababu hiyo ningetanguliza makopo yaliyobaki nchini, yakaguliwe na kunakiliwa kidijitali kabla ya barua yoyote kwenda London; na kopo linalonuka siki lisipitishwe kwenye projekta, kwa maana mkanda uliosinyaa huchanika matundu ya pembeni papo hapo.